Ukuta Uliojifunza Msibani

Kipimajoto kilisoma nyuzi tisa. Eufemia Mlowe alikitikisa, akakifuta kwa pindo la kitenge chake, akakirudisha mezani juu ya kitambaa cha kufuma, kisha akasubiri dakika tano kwa saa. Kikasoma nyuzi tisa.

"Chombo chako ni kizima," alisema Bibi Skolastika Kiswaga kutoka kwenye kochi. Alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe juu ya sweta mbili, na soksi za sufu amezivuta hadi magotini. "Mgonjwa ni nyumba. Na usinitazame hivyo, sikukuita mimi. Amekupigia yule Mkinga wa jirani. Anasema kikohozi changu kinamwamshia wanawe."

"Baridi hii ilianza lini, Bibi?"

"Baridi ya Njombe? Ilikuwepo kabla ya babu yangu."

"Ya humu ndani."

Bibi Skolastika alikunywa chai kwanza. Kikohozi kikamkamata, akakisubiri kipite kama mtu anayempisha ng'ombe njiani. "Tangu watu walipoondoka msibani. Siku ya pili yake au ya tatu. Nilidhani ni mwili wangu. Mtu akifiwa, mwili nao hupoa."

Eufemia aliweka kiganja ukutani, akakiondoa upesi. Katika miaka kumi na moja ya ukaguzi alikuwa ameshika kuta elfu kadhaa za jiji lile, na mkono wake ulijua kazi kabla ya kichwa. Ukuta wenye ngozi hauwi baridi kuliko hewa ya chumba. Ukiwa hivyo, unanyonya.

Enzi hizo jalidi lilikuwa likishuka Njombe miezi minne mfululizo. Asubuhi majani ya kabichi yalivunjika mkononi kama kioo. Misitu ilikuwa imekwisha, mkaa umepigwa marufuku, na umeme ulitolewa kwa zamu. Ndipo serikali ilipoleta Ruzuku ya Joto. Kila nyumba ya jiji ilipewa, mara moja katika miaka kumi, madirisha ya vioo viwili, dari iliyozibwa, na ngozi. Ngozi ilikuwa utando wa uyoga uliooteshwa kwenye maganda ya miti ya miwati na unga wa mbao za mipaina, unene wa vidole vitatu, ukapigiliwa ndani ya kuta zote. Mchana ulimeza joto la jua na la watu, usiku ulilitema. Chini ya barabara ulipita mshipa, bomba la maji ya uvuguvugu lililounganisha nyumba kumi na mbili. Nyumba yenye ziada ilitoa, yenye upungufu ikapokea, na hakuna aliyehitaji kumwomba mwenzake.

Siku saba za kwanza ngozi ilijifunza. Ilihisi miili iliyolala ndani, ikakadiria joto lake. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto sawa na balbu ya zamani ya wati mia. Baada ya siku hizo saba haikujifunza tena, na hilo lilifanywa kwa makusudi. Wataalamu hawakutaka ukuta kigeugeu, unaobadili hesabu kila anapokuja mgeni wa Krismasi.

Eufemia alifungua kisanduku cha ukuta nyuma ya mlango. Alikisoma, akachuchumaa, akakisoma tena kutoka chini, kana kwamba tarakimu zingekuwa nyingine zikitazamwa kwa upande ule.

Wakaazi: arobaini na mmoja.

Alikumbuka yote kwa mara moja, na uso ukamwaka moto ndani ya baridi ile. Ngozi ilipigiliwa Ijumaa. Jumapili Mzee Vitalis Kiswaga, mwalimu wa useremala, alifariki akiwa anafungua redio. Mafundi walimuuliza Eufemia kama waondoe ngozi wairudishe baadaye. Yeye ndiye aliyesema iachwe, maana nyumba yenye msiba inahitaji joto kuliko zote. Usiku saba sebule ilijaa mikeka, akina mama wamelala bega kwa bega, wanaume barazani na kwenye korido. Yeye mwenyewe alilala pale usiku mbili. Na siku ya saba, kati ya chai na sala, alitia sahihi hati ya ukaguzi juu ya goti lake bila kufungua kisanduku. Angekifunguaje, mjane ameegemea ukuta huohuo? Isitoshe, mtu wa Njombe hahesabu watu msibani. Aliyelala msibani si mkaazi na si mgeni. Ni msiba wenyewe. Lakini ukuta haukuwa mtu wa Njombe. Ulihesabu.

"Umenyamaza sana," alisema Bibi Skolastika. "Nyumba inakufa?"

"Haifi. Inaamini mna watu arobaini na mmoja humu. Inaamini una joto la kumwaga, kwa hiyo inalichukua na kulipeleka mshipani. Hata ukiwasha jiko, italiona jiko ni ziada."

"Kwa hiyo bado inawaona wale wote."

"Inawaona."

Bibi alitazama kuta zake, moja baada ya nyingine, bila hofu. Ungedhani kuna watu aliotaka kuwakaribisha viti. "Na hilo joto linakwenda wapi?"

Eufemia alijua jibu kabla ya kulipima. Joto la mshipa hukimbilia kwenye uhitaji ulio karibu zaidi. Ukuta kwa ukuta na nyumba ile ilikuwa nyumba ya yule Mkinga, Nikasi Tweve, muuza vipuri, ambaye mkewe alikuwa amejifungua mapacha mimba ikiwa ya miezi saba tu. Sasa walikuwa na wiki tatu, na hata mizani ya zahanati iliwaonea haya.

"Kwa Tweve," alisema.

"Kwa wale watoto?"

"Ndiyo."

"Basi acha," alisema Bibi Skolastika, akaweka kikombe chini. "Nimezaa wanne, nikazika wawili. Leo niambiwe mifupa yangu inapasha watoto wawili, nikatae? Acha hivyo hivyo. Funga kisanduku chako, ule kiazi."

"Bibi, ungekuwa umetoa mwenyewe ningenyamaza. Hukutoa. Ulichukuliwa, na sahihi iliyokuchukulia ni yangu."

"Sasa natoa."

"Sasa unakohoa."

Bibi alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile kilichukua muda mrefu kuliko Eufemia alivyopenda.

*

Mratibu wa Ruzuku, Bwana Hezroni Nyagawa, alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye nyumba mia tatu za awamu ijayo zilizokuwa zikisubiri mafundi, na kila asubuhi akina mama wa nyumba hizo walimkuta ofisini kabla yeye hajafika.

"Funga vali ya nyumba yake peke yake," alisema.

"Ngozi isiyopitiwa na maji ya mshipa hutoka jasho na kuoza. Siku nne tu, ukuta unanuka kama samaki. Na ruzuku ya pili hapati kabla ya miaka kumi."

"Basi ipo njia fupi. Bibi ana binti Makambako. Mpeleke akalelewe, wewe uandike kwenye daftari: nyumba haina mkaazi. Nyumba tupu haimdhuru mtu, na mapacha wanaendelea kupata joto lao. Au mapacha wa Tweve si binadamu?"

"Ni binadamu. Na Bibi Skolastika je? Nikiandika hivyo atakuwa hayupo. Akirudi, atakuwa mgeni nyumbani kwake, katika baridi ileile."

"Atakuwa hai, Mama Mlowe."

Eufemia alijua kwamba neno lile lilikuwa la kweli. Aliligeuza kichwani. Ungekuwa uongo mdogo, wa mstari mmoja, na kila mtu angepata joto. Mwanamke wa miaka sabini na minne angefutwa jina ili hesabu ikae sawa, na mwaka ujao hesabu nyingine ingetafuta jina lingine.

"Anayo arobaini ya mumewe," alisema. "Mjane hatoki katika nyumba kabla ya hapo. Na baada ya hapo hataki. Nimemuuliza."

"Ukiandika ukweli, kanuni inajua kazi moja. Nyumba za mshipa mmoja zilijifunza pamoja, kwa hiyo zinafutwa pamoja, zijifunze upya. Nyumba kumi na mbili, siku saba bila joto, mwezi wa saba. Cheti chako nitakichukua. Na wakubwa wakisoma 'hati ya uongo', watasimamisha awamu nzima."

"Wakisoma vizuri hawataisimamisha. Mafundi hawakukosea, na ngozi haikukosea. Nimekosea mimi, na fomu imekosea kwa kutouliza kama nyumba ina msiba. Nitaliandika kosa kwa jina langu, ukurasa wa kwanza, si kwenye viambatanisho. Hapo mtakuwa na mtu mmoja wa kumkamata. Awamu isimamishwe ya nini?"

Nyagawa alimtazama. "Unajiamini mno kwa mtu anayejishitaki."

"Kosa nalijua lilipo, Mratibu. Ningekuwa nalitafuta ndiyo ningetetemeka." Alivua cheti chake cha plastiki shingoni, akakiweka juu ya meza. "Nipe siku nane. Leo ni ya thelathini na moja tangu azikwe Mzee Vitalis. Tusipofuta kesho, arobaini itatukuta katikati, watu watajaa tena, na ukuta utajifunza upumbavu uleule."

*

Mchana uliofuata, jua likiwa limechukua makali, watu wa nyumba kumi na mbili walikusanyika uani kwa Bibi Skolastika. Eufemia aliwaeleza akiwa amesimama, bila karatasi. Aliposema "kosa ni langu," hakushusha sauti.

Nikasi Tweve alikuwa wa kwanza kuinuka. Alikuwa mtu mnene wa maneno mengi, lakini siku ile yalimtoka kwa shida. "Kwa hiyo mwezi mzima mimi ni mwizi. Nimelala na fulana, jirani yangu anatetemeka."

"Mkinga huyo," alisema mzee mmoja Mbena kutoka nyuma. "Hata joto amelipata kwa bei ya jumla."

Watu walicheka, Tweve naye akacheka kidogo kwa sababu utani haukataliwi, kisha akaacha. "Mimi nakubali kulala barafuni hata mwezi. Mama yangu pia, yeye ni wa Makete, baridi ni ndugu yake. Lakini wale watoto hawawezi. Usiku mmoja tu hawatauona mwisho wake. Na wakiondoka na mama yao, ukuta wangu utajifunza watu wawili badala ya watano, miaka kumi. Nichague nini, dada mkaguzi? Niambie wewe uliyesoma."

Hapo palikuwa ndipo penyewe, na kila mtu uani alijua. Bibi Skolastika, aliyekuwa ameketishwa juani kwenye kiti cha mikono, alisema kwa sauti kavu, "Nimekwisha kusema iachwe."

"Wewe Bibi nyamaza, tunakuokoa," alisema Tweve. Akamgeukia Eufemia. "Huo ukuta unamjua mke wangu Atuganile kwa jina?"

"Jina haulijui. Unajua joto lake."

"Basi niazime mwanamke mwingine wa uzito wake."

Kicheko kilipasuka, na sauti ya Atuganile kutoka dirisha la nyumba ya pili ikasema mumewe akirudi nyumbani atajibiwa hayo vizuri. Lakini Eufemia hakucheka. Alikuwa amesimama amepanua macho, mkono hewani.

"Nitakuja mimi," alisema.

"Wapi?"

"Kwako. Atuganile na watoto waende nyumbani kwangu, kule juu. Ni mshipa mwingine, na ukuta wangu ulimaliza kujifunza zamani, wageni hauwajali. Mume wangu Gervas atachemsha maji na kupika uji, kazi anaijua. Mimi nitalala chumba kimoja na mama yako siku saba. Ukuta utahesabu watu wazima watatu, na watatu ndio wa kweli."

"Na mapacha?"

Aliyejibu ni mama yake Tweve, mwanamke mfupi aliyefungwa blanketi la mistari. "Mapacha ni chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa khanga. Tutazibadilisha kila saa tatu. Nimelea wanane, kuamka si kazi kwangu."

Wakakubaliana. Lakini lilibaki jambo moja, nalo ndilo lililowauma kuliko baridi. Kwa siku saba hakuna mtu angevuka kizingiti cha Bibi Skolastika. Asiingie wa kumsalimia, asiingie wa kumpikia. Ukuta ulipaswa kumwona peke yake.

"Mjane hakai peke yake kabla ya arobaini," alisema mama mmoja. "Hilo halijawahi kutokea mtaa huu."

"Nyumba kujaa ndiko kulikotufikisha hapa," alisema Eufemia. "Tutakaa nje. Mpaka usiku uingie, kama ni lazima. Lakini nje."

*

Saa kumi jioni Eufemia alivuta wenzo wa mshipa; maji yakaendelea kuzunguka, lakini bila joto, na nyumba kumi na mbili zikaanza kupoa.

Siku zile saba zilikumbukwa mtaani kwa muda mrefu. Usiku wa tatu maji yaliganda ndani ya ndoo jikoni kwa Tweve. Eufemia alilala na koti, kofia na viatu, mgongo kwa mgongo na mama mzazi wa mwenye nyumba, aliyemwamsha kila saa tatu kwa kiwiko na kusema, "Amka, watoto wanalia," kisha akamwekea chupa ya moto mikononi na kucheka peke yake gizani. Watu wa nyumba nyingine walilala familia nzima kitanda kimoja. Hakuna aliyekimbilia kwa ndugu, maana kila mmoja alijua ukuta wake unamsubiri.

Mchana akina mama walikaa uani kwa Bibi Skolastika kwa zamu, wamejifunika mablanketi, wakimenya viazi na kuongea kwa sauti kubwa ili asikie. Chakula kilipitishwa dirishani. Yeye alivuta kiti hadi kwenye kioo, akawasahihisha nyimbo walizokosea. Siku ya tano shemeji yake alifika kutoka Ludewa na mkungu wa ndizi begani, akaenda moja kwa moja mlangoni kama ilivyo haki ya ndugu wa marehemu. Bibi alimzuia kwa mkono.

"Kaa hapo hapo, shemeji. Ukiingia utabaki ukutani miaka kumi."

"Skola, unanifukuza?"

"Nakufukuza mpaka Jumamosi."

Alikaa nje na wengine, amenuna, na kabla ya jua kuzama alikuwa anamenya viazi. Lakini Eufemia, aliyepima kila kitu, alisikia kwamba kikohozi kilichotoka dirishani kilikuwa kizito zaidi kila siku. Siku ya sita alisimama nje ya kioo. "Bibi, tukiacha sasa hakuna atakayekulaumu."

"Imebaki siku moja, nawe unataka kuniharibia mume?" alisema Bibi, kisha akatulia. "Namaanisha ukuta."

Eufemia aliegemea ukuta kwa nje. Alibaki pale dirishani mpaka chai ya Bibi ilipokwisha.

*

Jumamosi, asubuhi ya arobaini, watu walikuja na masufuria saa mbili. Mlango ulikuwa umefungwa. Eufemia, aliyekuwa amerudisha joto mshipani jioni iliyotangulia, alibisha kwa heshima. Akabisha tena. Saa tatu ikafika, pazia halijasogea, na wala hakuna aliyesikia kikohozi. Uani maongezi yalikatika moja moja.

"Skola," aliita shemeji.

Eufemia aliweka sikio mlangoni. Maneno ya Nyagawa yalimjia yote kama yalivyotoka kinywani mwake: atakuwa hai. Ulikuwa mkono wake uliovuta wenzo, na hakutafuta mwingine wa kumgawia lawama.

"Bomoa," alimwambia Tweve. Tweve akaweka bega.

Komeo lilisogea kwa ndani. Mlango ukafunguka, Bibi Skolastika akatokea amevaa gauni la kulalia tu, bila koti wala soksi, nywele zimelala upande mmoja, shavu lina alama ya mto.

"Nikasi," alisema, "mlango huo aliuchonga mume wangu. Ukiuvunja utauchonga wewe?"

"Tumebisha saa nzima, Bibi."

"Nilikuwa nimelala." Alilisema polepole, akilishangaa. "Nililala saa mbili usiku. Sasa saa ngapi?"

Eufemia alipita kando yake, akaweka kiganja ukutani na kukiacha pale. Kisha akafungua kisanduku nyuma ya mlango.

"Kimeandika nini?" aliuliza Bibi, bila kugeuka.

"Mmoja."

Bibi Skolastika alitikisa kichwa taratibu, mara mbili, akiwa bado ameshika kitasa. "Mmoja," alisema. "Haya. Ndivyo ilivyo."

Uani watu walikuwa wamesimama na masufuria yao, hawajui kama zuio limekwisha. Wa mbele walikuwa wameweka mguu mmoja juu ya kizingiti, mwingine nje, na hewa ya asubuhi ikaingia kupitia katikati yao. Bibi alifunga mikono kifuani, akawatazama kuanzia shemeji hadi wa mwisho getini.

"Ingieni au tokeni," alisema. "Mnanitolea joto."